Sauti ya Nerea Ndani ya Miwani

Saa saba mchana, maduka ya piza ya mtaa wa Corrientes, Buenos Aires, hayana huruma na mtu mzito wa kusema. Watu hula wamesimama, kiwiko kwa kiwiko, na muuzaji hamsubiri mtu. Lisandro Páez, mchoraji wa ramani za nyumba, mwembamba, shati jeupe limelowa mgongoni, alifika kaunta mara ya tatu, na mara ya tatu sauti ikamkimbia.

"Sema basi, au tukuletee karatasi uandike?" muuzaji alifoka. Watu wakaangua kicheko.

"Yuko na mimi," mwanamke alisema nyuma yake. "Vipande vinne vya piza ya jibini. Na ukimcheka tena, mkeo nitamtafuta nimwambie yote."

Alikuwa Nerea Quiroga: koti jekundu, nywele zimekatwa shingoni, na sauti, jamani, sauti! Ndiyo iliyotangaza bei za nyama katika maduka ya nusu ya mji.

"Asante," Lisandro alinong'ona.

"Kumbe unaongea! Kula, mnene wangu."

Huko mpenzi huitwa mnene hata kama ni mbavu tupu. Basi wakapendana. Kila jioni simu ililia.

"Mnene, leo umeongea na mtu?"

"Nimemsalimia bawabu."

"Akaitika?"

"Hakusikia."

Nerea alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli.

Lisandro alitaka kumposa. Lakini kwa akina Quiroga posa husemwa mezani, Jumapili, nyama ikiwa motoni, mbele ya ukoo mzima. Watu ishirini! Akifikiria tu, alitapika. Akaenda kwa Daktari Ostrovsky, mwanamama anayetibu hofu kwa miwani ya kompyuta. Ukiivaa, meza hiyo hapo, watu wanakukodolea macho, na wanakwambia maneno ambayo mwenyewe umeandika kwamba unayaogopa. Dawa ya moto ni moto: unakaa humo mpaka mwili uchoke kuogopa.

Ila sauti za mle ndani zilikuwa za mashine, na Lisandro hakutishika. Hapo ndipo mjinga huyu alipopata akili zake. Akaazima miwani ya mazoezi, akampelekea Nerea orodha ya maneno anayoyaogopa.

"'Sikutaki. Nakuonea huruma tu. Ulidhani nitaolewa na bubu?'" Nerea alisoma, uso ukambadilika. "Haya ndiyo unayonifikiria?"

"Ndiyo ninayoyaogopa. Nirekodie, mpenzi."

"Daktari amekubali?"

"Amekubali."

Mwongo! Daktari alikuwa amemkataza waziwazi: sauti ya umpendaye hatuitumii, Lisandro, hiyo unaihitaji.

Nerea akarekodi, na kazi ni kazi, akayasema kwa ustadi wote. Siku ya kwanza Lisandro alianguka sakafuni akilia kwa kwikwi. Daktari alikuwa amemwambia avae miwani mara moja kwa siku; yeye akaivaa mara kumi. Wiki ya kumi alikuwa akipiga miayo ndani ya miwani. Nje alikuwa mwanamume mpya: anaagiza chakula, anabishana na madereva wa teksi, kazini kapandishwa cheo. Nerea alijivunia, mpaka siku alipopiga simu.

"Mnene, ile kazi ya redio nimeikosa."

"Pole. Utapata nyingine."

"Nalia, Lisandro!"

"Nasikia."

Nerea akamkatia simu. Wiki mbili hakupokea simu yake, akiapa kwamba kuna mwanamke mwingine. Laiti angekuwepo, mwanamke mwingine hufukuzwa. Mwishowe Lisandro akaja na maua, akaomba msamaha kwa maneno yaliyonyooka, na moyo wa mpenda ukalainika.

"Jumapili njoo nyumbani," Nerea alisema, akimfuta vumbi begani. "Baba anachoma nyama."

Jumapili, uani kwa akina Quiroga, mtaa wa Mataderos, nyama ikaiva, wote wakampigia makofi mzee kwa kuichoma vizuri. Lisandro akasimama. Suti ya bluu, glasi ya divai mkononi, sauti imetulia kama ya mtangazaji.

"Nerea, mbele ya baba na mama na ndugu zako wote, nakuomba nikuoe."

Shangazi wakajifuta machozi. Nerea peke yake aliutazama ule mkono. Glasi ilijaa hadi ukingoni, na divai haikutikisika hata kidogo.

Akaingiwa na hofu. Aliyempenda yeye alikuwa mwanamume anayetetemeka. Basi akaamua kumtafuta huyo wa zamani, "ndiyo" ikiwa tayari mdomoni.

"Sikutaki," alisema. "Nakuonea huruma tu."

Mzee Quiroga akaweka kisu chini. Nerea akangoja. Chozi moja tu, au hata sikio liwe jekundu, amrukie shingoni amwambie nilikuwa nakutania, mpumbavu wangu.

Lisandro naye alingoja. Aliyatafuta maumivu kama mtu anayepapasa funguo mfukoni. Hayakuwepo.

"Sawa," alisema, akakaa. "Mzee, nipe chumvi hapo."

Nerea akaanza kutetemeka, mikono, midomo, mwili mzima. Lisandro akamgeukia. Hakuwa mtu mbaya. Akamshika kiwiko taratibu, kwa upole wa kweli.

"Vuta pumzi, Nerea," alimwambia. "Usiikimbie hofu. Kaa humo humo, itapita yenyewe."