Pengo Kwenye Rafu ya Babu Gundi

Fundi cherehani alitoka kununua zipu tu. Gauni la mteja lilikuwa linangoja mezani, jua linazama, na binti yake aling'ang'ania kufuatana naye mpaka akachoka kubishana. Wakakata kona ya duka la vitabu. Tangu lifungwe, fundi alikuwa akiikwepa kona hiyo, maana ilimtia uchungu.

Duka lilikuwa la Babu Gundi. Watu walimwita hivyo kwa sababu vidole vyake vilinata mwaka mzima kwa kuunga vitabu vilivyochanika. Hakukupa kitabu hivi hivi. Kwanza akuulize habari za nyumbani, akutanie kidogo, ndipo akuchagulie mwenyewe, na mara nyingi hakukosea. Tena alikuwa na mwiko wake: rafu isibaki na pengo. Ukiazima kitabu, unaacha kitu chako mahali pake, mwavuli, kofia, hata kiatu kimoja. Watoto wasio na kitu aliwaambia wanong'oneze jina lao kwenye pengo. Siku ya kurudisha alitega sikio pale, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, chukua jina lako, limenikosesha usingizi." Watoto walivunjika mbavu. Alipofariki, mlango ukapigwa kufuli, na mtaa mzima ukabaki kuinamia simu.

Jioni hiyo mlango ulikuwa wazi.

Nusu tu... Mwanga hafifu ndani. Na harufu ile ile, ya gundi na karatasi kuukuu. Fundi alisimama, furaha na mashaka vikimgombania. Nani amefungua? Na mbona hakusikia? Mtaa ule ulijua hata nani kaunguza mboga.

Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha Babu, kile chenye mguu mbovu kilicholia kila kikikaliwa. Chini yake hakikulia. Akasema yeye ni mpwa wa marehemu. Fundi akamkodolea macho. Babu alizaliwa peke yake, na hilo alilisema kila alipotaka kuhurumiwa.

Binti alikuwa ameshafika rafuni. Alikiona kitabu cha picha ambacho Babu alikuwa akiwasomea watoto, akafa kabla ya kukimaliza. Tangu msiba, mtoto alikuwa akiuliza hadithi ile iliishaje.

"Chukua, mwanangu," mwanamke alinong'ona. "Alikuwekea wewe."

"Hatuchukui," fundi akasema.

"Desturi ya hapa unaijua, mama."

"Naijua. Ndiyo maana hatuchukui."

Mwanamke akatabasamu. Hakuwa akimtazama fundi. Fundi akageuka. Binti yake alikuwa amesimama kimya, uso wake umegusa rafu.

Akamshika mkono, wakatoka mbio. Zipu hakuikumbuka tena.

Nyumbani alimsimamisha chini ya taa, akamkagua kama anavyokagua nguo kabla ya mteja kuja. Viatu vyote viwili. Hereni zote. Utepe wa nywele upo. Akashusha pumzi... Kisha mkono wake ukagusa kitu kigumu ndani ya sweta ya shule ya mtoto.

Kitabu.

"Umeacha nini kule?" akauliza taratibu.

"Sikuwa na kitu, mama."

Fundi akafungua kinywa amwite kwa jina lake, jina alilomchagulia mwenyewe kabla hajazaliwa.

Halikuja.

Akaigeuza kola ya sweta. Alikuwa amelidarizi jina pale, kwa uzi mwekundu. Matundu ya sindano yalikuwepo, moja moja, safi. Uzi haukuwepo.

Alimbeba mtoto na kitabu, akarudi mbio. Mlango ulikuwa umefungwa, kufuli limejaa kutu. Mshona viatu wa jirani, aliyekuwa akikusanya vifaa vyake aende nyumbani, akamwambia kwamba ameketi pale tangu asubuhi na hakuna aliyefungua. Ufunguo wenyewe ulipotea siku ya msiba. Akamtazama kwa huruma, akaenda zake.

Fundi akapiga magoti, akakisukuma kitabu chini ya mlango. Kilikwama kidogo... kisha kikavutwa kutoka ndani.

"Nimerudisha," akanong'ona. "Nipe. Tafadhali, nipe."

Akatega sikio mbaoni, kama Babu alivyokuwa akifanya. Kimya. Kisha ukurasa ukafunuliwa. Kisha sauti ya yule mwanamke, pole pole, ikaanza kuita jina. Fundi alilisikia vizuri kabisa. Ndilo! Midomo yake ikakimbilia kulitamka, likamponyoka. Sauti ikaita tena, likamponyoka tena.

Mle ndani, sauti ya mtoto wa kike ikaitikia, "Abee."

Binti akamvuta mama yake gauni.

"Mama," akauliza, "huyo anayeitwa ni nani?"