Kafili Alipopigiwa Simu kutoka Uholanzi

"Soma tena hapo mwisho," Risper alinong'ona, simu ameibana kati ya sikio na bega, mikono ikikunja kanzu za bosi.

"'Ninataka kuchunguza jinsi chumvi inavyoua udongo wa mashamba ya mpunga ya Ahero,'" Allan akasoma. "Lakini wewe, kweli unataka kusomea matope miaka minne?"

"Matope hayo ndiyo yaliyokulisha wali. Toa 'ninataka'. Andika 'nitachunguza'. Tunaoomba ni wengi, Allan, na mwenye kusitasita hachaguliwi."

"Sawa, daktari."

Risper akacheka kimya kimya. Mtu anakuita daktari na wewe umetoka kusugua vyoo vya watu, utaacha kumpenda?

Si kwamba alikuwa mjinga. Risper alikuwa na shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo. Alitafuta kazi ya kufundisha Kenya mpaka viatu vikaisha soli, ndipo ajenti akamleta Riyadh, kwenye nyumba moja ya Sulimaniyah, awe kadama, mtumishi wa kupika na kufua. Allan naye alikuwa dereva kule Jeddah, akilala mtaa wa Karantina na wenzake. Walijuana Nairobi kwenye mafunzo ya ajenti, na tangu hapo penzi lao lilikuwa la simu. Harusi walishapanga, Desemba.

Mwaka huo, 2015, chuo kimoja cha Uholanzi kilitangaza nafasi moja ya uzamifu yenye ufadhili. Sharti lilikuwa gumu: aliyemaliza uzamili zamani hatakiwi. Kwa Risper huo ulikuwa mwaka wa mwisho. Akikosa, basi tena.

Simu yake ilikuwa ya kubonyeza, maana Madam hakutaka kadama mwenye intaneti. Kwa hiyo yeye alisema, Allan akaandika kwenye simu yake kubwa. Barua pepe alifungua Allan, nywila alijua Allan. Risper alimkabidhi maisha yake yote, na kwa nini asimkabidhi? Si ndiye mume mtarajiwa.

Maombi yakaenda. Kukawa kimya.

"Wamejibu?" Risper aliuliza kila walipoongea.

"Bado, mpenzi. Wazungu wako slow."

"Umeangalia vizuri?"

"Risper, mimi ndiye nakaa na hii email. Kukija kitu si nitakuambia? Tuongee mambo ya harusi kwanza. Mama anauliza kitenge."

Basi wakaongea mambo ya kitenge.

Siku moja mchana, Baba mwenye nyumba, kafili aliyemdhamini kufanya kazi nchini, akamwita sebuleni. Alikuwa ameshika simu, uso wa mtu aliyechekeshwa na jambo asilolielewa.

"Risper, taal. Umefanya nini Uholanzi?"

"Kwa nini, Baba?"

"Mwanamke amepiga simu kutoka chuo. Anasema wamekuandikia mara mbili uende kwenye mahojiano ya kompyuta. Hujajibu. Walikungoja juzi."

"Juzi?"

"Juzi. Ameuliza kama Risper mtafiti yuko hapa. Nikamwambia mmekosea namba. Hapa mafi mtafiti, hakuna, hapa kuna kadama tu."

Risper akasogea karibu na ile simu. Baba akaacha kutabasamu. Labda alimhurumia, labda alichoka kumtazama. Akampa simu ampigie yule mama mwenyewe.

Yule mama alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomaliza kila kitu.

"Samahani sana, Risper," alimwambia kwa Kiingereza cha taratibu. "Jopo limefunga kazi asubuhi hii. Nafasi amepewa mwingine. Tulidhani umebadilisha nia."

Risper akashukuru, akarudisha simu, akaenda chumba cha kufulia. Akampigia Allan.

"Namba ya kafili wangu uliipeleka chuoni?"

"Namba gani?"

"Niliyokupa ili siku nikipotea ujue pa kuniulizia."

"Ah, hiyo. Fomu iliuliza mwajiri. Hapa si kila kitu ni kafili? Ikama ya kuishi hapa kafili, hospitali kafili. Nikajaza tu, sikufikiria. Kwani kuna shida?"

"Wamempigia. Wanasema waliniandikia mara mbili."

Allan akakohoa.

"Allan."

"Labda iliingia kwa spam."

"Fungua."

"Risper, niko barabarani, nimebeba watoto wa bosi."

"Nasikia redio ya chumbani kwenu. Fungua unisomee."

Alichukua muda. Aliposoma, sauti ilikuwa ya mtu anayetapika.

"'Mpendwa Risper. Jopo limevutiwa sana na pendekezo lako. Uko miongoni mwa watu watatu tuliowachagua...'"

"Endelea."

"Inatosha, Risper."

"Nimesema endelea. Nilikutamkia kila neno nikiwa nimeinama juu ya nguo za watu. Nisomee jibu langu."

Akasoma mpaka mwisho, akilia.

"Uliiona lini?"

"Siku ile ile ilipoingia." Akavuta kamasi. "Ningekuambia, halafu nini? Uende Ulaya, uwe daktari wa ukweli, urudi kwa dereva wa Karantina? Ungeniacha. Nilikupenda, Risper. Bado nakupenda."

"Najua unanipenda. Ndiyo maana sikukufungia mlango wowote."

"Tutaoana Desemba, utasahau. Nitakuombea nafasi mwaka ujao."

"Hakuna mwaka ujao. Ulisoma sharti lile mwenyewe, ukanisomea na mimi."

"Nisamehe basi."

"Halas, Allan."

Akakata. Alikaa chini kwenye vigae, mgongo kwenye mashine ya kufulia, akalia kilio kisicho na sauti, kwa kuwa katika nyumba ile hata kilio kilihitaji ruhusa. Madam alipoita chai, alinawa uso, akapeleka.

Jumapili ujumbe ukaingia kutoka kwa mama yake Allan, Kenya:

"Mwanangu Risper, Allan ametuambia chuo kimekukataa. Pole sana. Lakini usilie, Mungu akikunyima shule amekupa mume mwema. Tumeshanunua kitenge cha kijani."

Risper akausoma mara mbili. Mama huyu hakuwa na kosa, na alimheshimu. Akajibu kwa vidole vilivyochubuka kwa sabuni:

"Mama, asante kwa kunifikiria. Chuo hakikunikataa. Kiliniita, na mwanao akanificha barua yao. Kitenge mpe atakayeolewa naye."

Akatuma, akaweka simu mfukoni, akawasha pasi.