Libanga la Tatu

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya milima nilipotoka kutafuta mafuta ya jenereta. Kazi hiyo ilikuwa ya Kizito, mwimbaji wetu, lakini Kizito habebi bido, dumu la mafuta. Kizito anabeba mikro tu! Basi mimi, mkubwa wa bendi, nikaiacha sherehe ya ndoa pale Kimanga, kando ya ziwa, nikatembea na nguo zangu nzuri hadi Mulongwe, nikimtukana kimoyomoyo njia nzima.

Bendi yetu haina wimbo wake. Tunapiga nyimbo za wakubwa wa Kinshasa, kwenye baa na kwenye harusi, na katikati ya wimbo tunatupa mabanga: libanga moja, jina moja la mtu. Anayetaka jina fulani lisikike anampa mwimbaji kikaratasi, naye analiita humo humo ndani ya wimbo. Nilishamwambia Kizito asome kwanza, aangalie ni nani ameleta. Alinicheka.

Niliporudi, niliusikia muziki tangu barabarani. Nikapita nyuma, kwenye jenereta.

Imezima.

Niliigusa. Baridi kabisa... na spika zilikuwa zinalia kuliko mwanzo.

Mbele ya jukwaa alisimama mwanaume, suruali imelowa hadi magotini. Alinuka tope, lile la mafuriko linalobaki ndani ya nyumba miezi na miezi. Kikaratasi chake kilikuwa mkononi mwa Kizito.

“Papa Léopooold...”

Msimamizi wa ndoa akaweka sahani chini, akatoka kuelekea ziwani. Alikuwa anatabasamu.

“Mama Marie-Rooose...”

Mke wake akamfuata. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni mchezo.

Nikapanda jukwaani, nikamvuta Kizito shati. “Uko unafanya nini? Ule muntu ni nani?”

“Minye siko namujua, chef. Niko naimba tu.”

“Uache!”

“Imebaki jina moja.”

Akaliimba kabla sijaifikia mikro.

Fanny.

Mdogo wangu, mpiga kinanda wetu. Mikono yake ikaachia, na kinanda kikaendelea kulia chenyewe. Nikamkamata. “Fanny! Weye, uniangalie!” Akaniteleza kama samaki. Vidole vyangu vilibaki na tope.

Yule mtu alikuwa tayari sikioni mwangu. Alinong'ona kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma.

“Jina iko ya kubadilisha. Ila watatu ni watatu. Utaje mwingine.”

Ningeweza kutaja jina langu. Najua, usinikumbushe! Lakini nilikuwa nimejaa hasira, na hasira ilikuwa na jina moja tu mdomoni. Nikanyakua mikro.

“Kizitooo...”

Fanny akaanguka chini, akaanza kulia, akiniita mimi mkubwa wake. “Yaya... niko wapi?”

Kizito alinitazama mara moja. Akatabasamu. Akashuka, akapita kati ya meza, akaenda ziwani.

Spika zikanyamaza.

Tulitafuta ziwani kwa pirogi hadi asubuhi. Hatukupata mtu, wala kiatu. Mama mmoja wa Mulongwe aliniambia kwamba mtu huyo, nilivyomweleza, anafanana na Nduwimana, mtu wa mtaa wao. Wakati wa mafuriko mto ulimchukulia mke na watoto wawili, naye akazama akiwatafuta. “Pengine iko natafuta wa kukaa naye,” alisema. Sisi tulimkosea nini? Harusi ya watu ilimkosea nini?

Wiki iliyopita mama yake Kizito alikuja kwangu. Alitaka kujua kitu kimoja tu: kama mwanawe aliogopa. Nikamfokea. Nikamwambia ni kosa la Kizito mwenyewe, angesoma kile kikaratasi, angebeba bido siku ile! Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka nje. Yule mama akafunga kitambaa chake vizuri, akaniomba msamaha, akaondoka.

Hasira hii siiachi. Siku itakapopoa, nitabaki na sauti yangu mwenyewe ikimwita Kizito.