Majani Badala ya Mizizi

Kila baada ya siku tatu Lamduan alipanda kilimani kuchimba mizizi ya dawa ya mumewe, Bunma. Bunma aliugua kisukari. Alimeza vidonge vya hospitali, na asubuhi alikunywa kikombe cha mizizi iliyochemshwa.

Mwaka huo mizizi iliadimika. Watu walikuwa wameichimba mpaka miti ikafa. Lamduan alikuwa na miaka sitini na miwili, na magoti yalimuuma. Siku moja alichoka, akachuma majani ya mti uleule. Hakumwambia mtu. Alihofia hayana nguvu, akajaza sufuria tele.

Siku ya nne ya kunywa majani hayo, Bunma alianza kutetemeka. Jasho lilimtoka, ulimi ukawa mzito. Lamduan akamwita jirani yao Wilaiporn, mhudumu wa afya wa kijiji. Wilaiporn alimchoma Bunma kidoleni, akasoma kipimo.

"Sukari imeshuka mno. Bado anameza vizuri. Shangazi, lete maji yenye sukari."

"Sukari, mwanangu? Si ndiyo inayomuumiza?"

"Sasa hivi ndiyo itakayomwokoa."

Bunma alikunywa. Baada ya robo saa alipimwa tena. Sukari ilikuwa imepanda, naye akaweza kuzungumza.

"Amekunywa dawa gani?" Wilaiporn aliuliza.

Lamduan alikaa sakafuni. "Vidonge. Na majani. Nilibadilisha."

Wilaiporn hakumgombeza. "Mti ni mmoja, shangazi, lakini jani si mzizi. Huenda likazidi nguvu, huenda lisifae kabisa. Likichanganyika na vidonge, sukari inaweza kuporomoka. Usibadili kwa kukisia. Leo hii twendeni hospitali, tuyabebe majani. Daktari ajue kila anachokunywa mjomba."

Bunma alimtazama mkewe. "Mbona hukuniambia?"

"Ungesema mimi mvivu."

"Ningesema umechoka. Kwani sioni unavyoshuka ngazi za nyumba kwa taabu?"

Lamduan alijifuta macho kwa kanga.

Hospitalini waliambiwa waache majani, na mizizi pia, kwa kuwa hakuna aliyejua kipimo salama cha kunywa pamoja na vidonge vile. Daktari alipanga vidonge upya. Bunma alipunguza wali wa kunata, akawa anapimwa kila wiki.

Baada ya miezi mitatu sukari yake ilitulia. Asubuhi moja, bila mizizi ya kuchemsha, Lamduan alilala mpaka jua likachomoza. Alipoamka, Bunma alikuwa jikoni, anapika mboga.

"Lala tena," alimwambia. "Bado haijaiva."

Akalala.