Dalila Akataa Kumlisha Mtu Maneno

Kila siku baada ya shule, Dalila alimfuata mama yake mtaa wa Guangyuan Xilu, kusini mwa China, kwenye maduka ya nguo za jumla. Mama yake, Bi Sihaba, alikuwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, na binti huyo wa miaka kumi na miwili ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Alijifunza Kimandarini darasani na Kikantoni kwa watoto wa jirani. Wafanyabiashara walimsifu mpaka kichwa kikamvimba. Walisema hakuna Mchina wa kumpiga chenga Dalila.

Siku moja mwaka 1998, walikuta ugomvi dukani kwa laobani Chan, kama walivyozoea kumwita mwenye duka. Robota la Bi Sihaba, lenye sare za shule, halikuonekana, na kontena la kwenda Dar es Salaam lilikuwa linafungwa jioni hiyo. Chan alikuwa amemkaba shati mchukuzi wake, mtu mzima aitwaye Wei. Wei alijieleza kwa haraka, lakini si kwa Kimandarini wala Kikantoni, kwani katika lugha hizo alijua maneno ya kazi tu. Chan akadai kwamba amekiri wizi, hivyo atafukuzwa kazi na kupelekwa polisi. Akamtaka Dalila amweleze mama yake hivyo hivyo, yaishe.

Bwana Eliudi, mfanyabiashara kutoka Mwanza mwenye mizigo katika kontena hilo hilo, alikuwa amesimama hapo akiangalia saa.

"Tafsiri tu, mwanangu," alisema. "Mchina ni Mchina. Watakuwa wameelewana."

Dalila aliona aibu kukiri mbele ya watu wale kwamba hajui. Ingekuwa rahisi sana kurudia maneno ya Chan. Kisha akamtazama Wei, aliyekuwa bado amekabwa shati, na hasira zikampanda.

"Sitafsiri," alijibu. "Sikuelewa hata neno moja alilosema Wei, na laobani naye hakuelewa. Siwezi kumlisha mtu maneno."

Bwana Eliudi alimwita mtoto mjeuri. Chan akamwamuru atoke. Dalila alijibandika mlangoni, akasema habanduki mpaka Wei asikilizwe. Bi Sihaba akavuta kigoda, akaketi kando yake.

"Na mimi siondoki," alisema.

Dalila akapaza sauti kwa Kikantoni, akiuliza nani anaijua lugha ya mtu huyu. Muuza tambi wa jirani, Mama Luo kutoka jimbo la Guangxi, akaja akifuta mikono. Alisema ni Kizhuang, lugha ya nyumbani kwao, yenye wasemaji mamilioni. Basi Wei akasema Kizhuang, Mama Luo akageuza kwa Kikantoni, na Dalila kwa Kiswahili. Robota lilikuwa limepasuka njiani mvua ikinyesha. Wei alilipeleka kwa washonaji wa uchochoroni ili sare zisichafuke.

Bwana Eliudi alikwenda mwenyewe kuhakikisha, akarudi na robota begani. Chan aliachia shati na kugeukia wateja wake. Dalila hakumwacha hivi hivi. Alimwambia kwamba bado hajaomba radhi. Chan akaguna, kisha akaomba, na Mama Luo akayafikisha maneno yake kwa Wei.

Bi Sihaba akamshika binti yake mkono.

"Hapa kuna watu wengi na lugha nyingi, kama kwetu," alisema. "Nani angekubali Mmakonde ahukumiwe kwa Kihaya? Usipoelewa, sema hujaelewa, hata wakikucheka. Leo ungeona haya kusema hivyo, mtu huyu angelala ndani bila kosa."

Bwana Eliudi alilitua robota, akamwomba Dalila amfundishe kusema samahani kwa Kizhuang.

"Sijui," alisema Dalila. "Twende tukamuulize Wei."