Mvinyo Ulionuka Jikoni Kwangu

Haki ya Mungu tena, nife hapa hapa nilipokaa, ulimi unikauke, kama kuna neno hata moja naongeza! Najua mnaniita bingwa wa kutia chumvi. Leo sitii. Sina hata hamu ya kutia.

Mimi sikusoma. Darasa la pili niliishia mlangoni. Lakini kwenye mvinyo hakuna profesa wa kunisogelea. Miaka ishirini na tatu niko kwenye ile hoteli. Nilianza kwa kuosha glasi, na vile vitone vinavyobaki chini ya glasi ndiyo vilikuwa shule yangu. Wa Ufaransa, wa Chile, wa Jojia, wa Afrika Kusini... nilikuwa nanusa tu, nakwambia zabibu zilichumwa kabla ya mvua au baada. Siku moja nilimwambia mgeni, "Aliyechuma hizi alikuwa na kidonda mkononi." Akapiga simu kwao kuuliza. Kweli tupu.

Aliyenifundisha kuoanisha mvinyo na chakula ni mpishi mkuu wa zamani, tulimwita Babu Mwiko. Marehemu sasa. Alinipa masharti mawili tu. La kwanza, ukionja kazini, tema. Ndoo ya kutemea ipo kwa kazi hiyo. La pili alilisema kwa sauti ya chini, huku anafuta kisu.

"Mvinyo ambao hujui umetoka shamba gani, usiutajie chakula chake. Hata wakikucheka."

"Kwa nini, Babu?"

"We tema tu, kijana. Usiulize."

Halafu kuna mke wangu. Mtaani wanamwita Mama Cheko, maana kicheko chake kilikuwa kinafika nyumba ya tatu kabla yeye hajatoka mlangoni. Ana sufuria moja imebonyea, hataki kuitupa. Akikaangia kitunguu humo, upande mmoja kinaungua, upande wa pili kibichi. Ndimo anamoungia maharage yake. Chakula chake yeye huyo, ungemwekea karamu ya mfalme angeuliza maharage yako wapi. Na alikuwa anasumbuliwa na kipanda uso, kwa hiyo kila jioni anajipaka mafuta ya karafuu kwenye paji. Mimi nikifika nyumbani, hata taa zimezimika, nilikuwa najua yuko chumba gani.

Nilikuwa.

Siku yenyewe jua lilikuwa linazama. Meneja wetu akaniita. Mwanamke mkali, hata akipiga chafya anaandika kwenye orodha.

"Mtaalamu, wageni wanane leo. Chupa nane, sahani nane. Shuka stoo, panga meza, usinitie aibu."

"Bosi, mimi na aibu hatujawahi kukutana."

"Nenda, bwana."

Nikashuka. Ngazi kumi na nne, taa moja, baridi ya mawe. Nikabeba chupa zangu, nikapanda nazo ukumbini, nikapanga viti vinane. Nikavihesabu mara mbili.

Wageni walipokaa, viti vilikuwa tisa.

Nikadhani meneja kaongeza kimoja. Mgeni wa tisa alikuwa mwanamume wa makamo, shati safi, mikono imetulia mezani. Mtu wa kawaida, wa kumsahau. Nikainama nimmiminie... mkono ukasimama hewani.

Hakuwa na harufu.

Nisikilizeni. Kila mtu ana harufu. Jasho, sabuni, usingizi, kitu. Hata baba yangu nilipomwosha siku ya kumzika alikuwa na harufu yake. Yule... hamna. Kama kunusa kioo.

Nikaendelea na kazi. Mvinyo mweupe kwa samaki wa ndimu. Mwekundu mzito kwa nyama ya kuchoma. Mtamu kwa jibini kali. Kila nikieleza wanapiga makofi, na mimi kifua mbele. Wa tisa hakugusa glasi wala uma. Nilipomkaribia akanong'ona.

"Mtaalamu. Onja na wangu."

Akatoa chupa chini ya meza. Haina lebo. Kizibo kimefunikwa nta nyeusi. Nikaipokea, na chupa ilikuwa vuguvugu, kama paji la mtu mwenye homa.

Nikamimina kidogo. Nikanusa. Hamna kitu. Nikaweka ulimini.

Kwanza, hamna kitu.

Halafu kitunguu... kimeungua. Upande mmoja.

Halafu karafuu.

Halafu kwa mbali, nyuma kabisa ya koo, kitu kama mtu anacheka nyumba ya tatu.

"Umetoka shamba gani huu?" nikamuuliza.

"Si useme wewe."

"Siujui."

"Na chakula chake?"

Nikaizungusha glasi. Akainamisha kichwa, kama ananionea huruma.

"Kumbe hujui. Na mimi niliambiwa ulimi wako haushindwi."

Jamani. Wageni wananitazama. Meneja ananitazama. Nilimkumbuka Babu Mwiko, naapa nilimkumbuka, na kisu chake na kitambaa chake. Lakini mdomo wangu huu, tangu nizaliwe, ulikuwa haujawahi kusema sijui.

"Maharage!" nikasema, ukumbi mzima ukasikia. "Yaliyoungwa kwa kitunguu kilichoungua upande mmoja. Na anayeweza kuyapika ni mtu mmoja tu dunia nzima. Mke wangu!"

Makofi.

Yeye akasogea sikioni. Pumzi yake haikuwa ya moto wala ya baridi.

"Asante. Ninao siku nyingi. Nilikuwa sijui unaendana na nini."

Nikageukia ndoo niteme. Mdomo mtupu.

Nilishameza.

Nilipogeuka tena, viti vilikuwa vinane.

"Mgeni gani wa tisa?" meneja akaniambia. "Umesimama pale unaongea na kona ya meza. Wamedhani ni vituko vyako." Lakini kwenye sinia la vyombo vichafu zilikuwepo glasi tisa. Nilizihesabu kwa kidole.

Kutoka hotelini mpaka kwangu ni nusu saa kwa miguu. Nilitumia dakika nne. Mbwa walinikimbiza wakakata tamaa. Na katikati ya njia nikagundua kitu... sikuwa naogopa tena. Miguu inakimbia, mimi humo ndani nimetulia tu, kama mzigo uliobebwa.

Mlango ulikuwa wazi. Taa inawaka. Nikavuta pumzi.

"Mama watoto?"

"Niko huku."

"Huku wapi?"

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumuuliza hivyo.

Alikuwa jikoni, kwenye kigoda, amepakata ile sufuria iliyobonyea. Nyeupe ndani. Imelambwa.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Amekula mtu wako."

"Mtu gani?"

"Si uliyemtuma? Amepita sasa hivi. Nikampakulia, akakataa sahani. Akala humu humu. Yote."

"Akasema nini?"

Akafikiri muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu kwenye kabati la jirani.

"Akasema umemwambia vinaendana."

Nikapiga magoti. Nikaweka pua shingoni mwake, pale nyuma ya sikio, mahali pangu. Nikavuta.

Kioo.

Hakufa. Najua mnangoja niseme alikufa. Yupo. Anapika, anafagia, anaitika akiitwa. Hacheki tu. Daktari kampima mpaka kucha, kasema mzima. Shemeji yangu kila akija anamkumbatia dada yake na kulia mpaka anakaukiwa sauti, na mimi namtazama hivi hivi, kama natazama mtu anayefua.

Na mimi ndiyo hivyo. Pilipili, maji, chumvi, mvinyo wa kifahari, vyote sawa. Maji ya mvua. Kazi naendelea nayo. Naangalia rangi, nabuni shamba, nabuni chakula. Wanapiga makofi. Zamani ningewasimulia hii habari nikiwa nimesimama, natikisa mikono. Leo nimekaa tu.

Wiki iliyopita nilishuka stoo kama kawaida. Ufunguo wa stoo ni mmoja na unakaa kiunoni kwangu. Rafu ya mwisho kabisa, nyuma, nikakuta chupa. Haina lebo. Nta nyeusi. Nikaigusa.

Vuguvugu.

Nikaisogeza puani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile... nikasikia harufu. Sabuni ya glasi. Unyevu wa mawe. Jasho la mtu anayejisifu sana.

Mimi.

Sikuivunja. Niliogopa kitakachomwagika. Au niseme nilijua kwamba ningepaswa kuogopa. Kesho yake chupa haikuwepo.

Na jana jioni nimefika nyumbani, mke wangu anasugua ile sufuria.

"Mtu wako alipita."

Nikavua kiatu kimoja. Nikabaki na kimoja.

"Kataka nini?"

"Kauliza habari zako. Chakula unachokipenda kuliko vyote. Anasema ana chupa, hajui inaendana na nini."

"Ukamwambiaje?"

Akaendelea kusugua. Mahali pale palipobonyea, akapazungusha, akapazungusha.

"Nimemwambia nimesahau."

Hakunitazama. Sasa sijui. Sijui kama amesahau kweli, au kuna kipande chake kimebaki mahali fulani mle ndani, kinanificha. Sikumuuliza. Nilingoja machozi yaje, hayakuja, nikavua na kiatu cha pili.

Lakini nyinyi hamjasahau. Hilo ndilo lililonileta. Wangapi hapa mmekula na mimi? Wangapi nimewatambia kile chakula changu, nikakitaja na kiungo chake na sufuria yake, na mdomo wangu huu usio na mlango? Nimekitaja kila baraza.

Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu. Hii habari iishie hapa. Usimwambie hata mkeo. Na kama kuna mtu atakaa karibu yako, mtu wa kawaida tu, ukavuta pumzi usisikie kitu, halafu akakuuliza kwa upole mimi napenda kula nini...

Mwambie hujui.

Ni neno dogo. Mimi lilinishinda.