Ndugu wa Karatasi

Zamoyoni hakuwa na mtemi, chifu wa kumtambua kuwa mtu wake. Babu yake aliletwa kutoka Manyema akiwa mtumwa wa msafara, na Shinyanga ya 1934 asiye na mtemi hakuandikwa kodi. Asiyeandikwa alikuwa mzururaji. Karani wa boma alimpa siku saba ahame.

Alikuwa amekutana na Scolastika stesheni miezi minne kabla, siku ya treni. Kaniki ya Scolastika ilinasa kwenye tenga la kuku, ikapasuka. Zamoyoni, mwenye kanzu safi na sindano mbili kofiani, akacheka.

"Unacheka nini, wewe?"

"Nacheka riziki yangu, bibie. Mimi fundi cherehani."

Sasa, baada ya amri ya karani, hakucheka. "Twende Geita, kwenye dhahabu."

"Huko nako watauliza mtemi wako nani, mpenzi. Ngoja."

Scolastika akamwendea Zipora, mjane wa baba yake mkubwa, akiwa na Zamoyoni. Mwanawe Nkwabi alichukuliwa angali kijana kubeba mizigo ya vita. Hakurudi, wala hakuzikwa.

"Mama mkubwa, mwambie karani huyu ni Nkwabi. Ni uongo wa karatasi tu."

Zipora akamgeuza Zamoyoni uso kwenye mwanga. "Haya."

Karani akaridhika na neno la mama, akaandika: Nkwabi, Msukuma. Lakini Zipora hakuishia bomani. Alimketisha Zamoyoni kwenye kigoda cha mwanawe, akampulizia maji ya unga ya baraka, akawaambia wafu wa ukoo kwamba mtoto amerudi. Tangu siku hiyo wazee wakipishana naye sokoni walitazama chini, kuona kama ana kivuli cha mtu hai. Mwenyewe alianza kumwitikia Zipora kabla hajaitwa.

Akaenda kuposa kwa Maige, baba yake Scolastika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumposa dada yako?"

"Baba, unajua ni uongo!" Scolastika akapaza sauti.

"Karani nitamdanganya hata kesho. Marehemu kaka yangu simdanganyi."

"Basi nakana," akasema Zamoyoni. "Naenda bomani sasa hivi."

"Nenda. Watakufukuza, na yule mama atampoteza mwanawe mara ya pili."

Zamoyoni akasimama. Scolastika akamshika mkono, akauachia.

"Kaa, kaka," akasema.

Akakaa. Alipata mtemi mmoja na mama mmoja. Alitoa jina lake, na babu wa Manyema ambaye hakuna tena anayemtaja. Na Scolastika: aliolewa Bugarama, akazaa watoto watatu, wote wakimwita Zamoyoni mjomba Nkwabi.